Shajara ya safari ya besi: watu wanane, mashua nne, na tarehe tuliyoisogeza

Wiki 14 kabla ya safari

Tumekubaliana leo. Watu wanane, mashua nne, siku tatu ziwani kuvua samaki aitwaye besi. Uratibu nimekabidhiwa mimi, na nimeupokea kwa moyo mmoja, kwa sababu nimeshaona safari zinavyoharibika pale kila mtu anapodhani mwenzake ameshalishughulikia jambo. Safari yetu ya kwanza tulifika gatini watu sita na majaketi ya kuokolea matano. Mmoja wetu alibaki nchi kavu asubuhi nzima, fimbo mkononi, anatutazama tukienda. Tuliporudi saa sita tulimkuta palepale. Hakulalamika, na mpaka leo jambo lile linaniuma.

Basi shajara hii itasomwa na wote wanane. Kilichoandikwa humu kimeamuliwa. Kisichoandikwa bado kinajadiliwa.

Tunamfuata besi mdomo mkubwa. Ziwa lina besi mdomo mdogo pia, upande wenye mawe na maji marefu, lakini ni mashua moja tu yenye sona, chombo cha kutafuta samaki kwa mawimbi ya sauti, ya kuaminika, na sitaki mashua tatu zishinde zikibahatisha. Atakayempata mdomo mdogo, heri yake.

Tarehe iliyopendekezwa ni ile wiki ambayo samaki wanapanda maji mafupi kutaga mayai. Watano wameikubali papo hapo. Mimi nimeomba siku chache za kufikiri.

Wiki 13

Nimefikiri. Naandika hapa kwa kirefu kwa sababu kwa mdomo nitapunguza.

Kwa besi, dume ndiye mjenzi na ndiye mlezi. Maji yakifika nyuzijoto 15 au 16 za Selsiasi anaanza kutafuta chini pagumu, changarawe au mizizi, mara nyingi kwenye kina cha mita moja hivi. Anapafagia kwa mkia mpaka panabaki duara jeupe kama sinia. Jike anakuja, anataga, anaondoka zake. Dume anabaki peke yake. Anayapepea mayai kwa mapezi, anafukuza kila kinachosogea. Mayai yanaanguliwa baada ya siku chache tu, lakini hata hapo haondoki. Anakaa na vifaranga wiki kadhaa mpaka waweze kujitafutia. Ndiyo maana msimu huo ananaswa kirahisi. Si njaa. Ukidondosha mnyoo wa plastiki kiotani kwake anaubeba mdomoni ili autoe nje.

Miaka sita iliyopita nilimvua dume wa namna hiyo. Maji yalikuwa maangavu, kiota nilikiona kabla sijarusha. Alikuja mara ya pili tu. Nikamtoa, nikampiga picha, nikageuka kutafuta upande wenye mwanga mzuri, nikapiga nyingine. Kisha nikaangalia chini. Kiota kilikuwa kimejaa visamaki bapa, vidogo kama kiganja cha mtoto, vichwa chini na mikia juu, vinadona. Zilikuwa zimepita dakika tatu, labda nne. Nikamrudisha dume majini. Alikwenda moja kwa moja hadi palepale, akavitawanya vyote, akasimama juu ya changarawe tupu na kuanza kupepea.

Sitaki watu wanane tufanye hivyo kwa siku tatu mfululizo kwenye ziwa moja.

Wiki 12

Mjadala ulikuwa mkali, lakini wa heshima. Mwenzetu aliyependekeza tarehe ya kwanza ana hoja, na naiandika kama alivyoisema: "Kaka, hiyo ndiyo wiki pekee ambayo majike wakubwa wanakuja mpaka ukingoni. Baada ya hapo wanatawanyika, na sisi tuna siku tatu tu. Wageni wetu wawili wataondoka bila kuona samaki." Ni kweli. Baada ya kutaga, jike mkubwa huenda kupumzika kwenye ukingo wa kwanza wa maji marefu, na kwa siku kadhaa hana hamu ya kitu.

Tukarudi kwenye sheria, maana huko ndiko ilipaswa kuanzia. Sheria za besi hazifanani hata kidogo. Kuna maji ambayo uvuvi hufungwa msimu wa kutaga. Kuna mengine unaruhusiwa kuvua ila kila samaki arudi mara moja. Na kuna yaliyo kinyume kabisa: katika Ziwa Biwa nchini Japani, ambako besi ni mgeni aliyeletwa na binadamu, mkoa wa Shiga umekataza tangu 2003 kumrudisha besi majini ukishamvua. Anayefika kule na tabia ya kuachia samaki anavunja sheria akidhani anatenda wema. Ziwa letu halifungwi, na kuachia kunaruhusiwa. Kwa hiyo sheria haikutuamulia, ilibidi tuamue wenyewe.

Mzee wetu, ambaye amevua besi kabla baadhi yetu hatujazaliwa, alisikiliza mpaka mwisho ndipo akasema: "Wanangu, samaki mkubwa akishataga bado ni mkubwa. Tatizo ni kwamba itabidi mumtafute." Baada ya hapo kura zilikuwa sita kwa mbili.

Uamuzi: tunasogeza mbele wiki tano. Tunaweka pia wiki ya akiba, siku kumi baada ya hiyo. Kalenda haitatuamulia, maji ndiyo yataamua. Kipimo ni joto la alfajiri, kipimajoto kikiwa kina cha mkono mzima chini ya maji, libaki juu ya nyuzi 22 siku kadhaa mfululizo katika vihori, yaani vighuba vidogo, vya kaskazini. Joto la juu juu la saa tisa alasiri lisihesabiwe. Jua la mchana mmoja linaweza kupasha kiganja cha kwanza cha maji na kutudanganya sote.

Wote wameomba ruhusa kazini kwa wiki zote mbili. Hilo peke yake limechukua siku nne za kupigiana simu.

Wiki 11

Leo nimegawa mashua, na hii ndiyo kazi iliyonipa shida kuliko nilivyotarajia.

Asiyewahi kuvua besi kwenye mashua ndogo hajui tofauti ya kukaa omo, yaani mbele, na kukaa tezi, yaani nyuma. Aliye omo anaendesha mota ya umeme kwa mguu, ndiye anayechagua upande, ndiye anayerusha kwanza kwenye kila kisiki na kila pengo la magugu. Aliye tezi anarusha kwenye maji ambayo mwenzake ameshayapitia. Mtu anaweza kukaa tezi siku tatu akarudi nyumbani akiamini hajui kuvua, kumbe hakupewa maji. Nimeyaona haya yakivunja urafiki. Hakuna aliyegombana, mtu aliacha tu kupokea mwaliko wa pili.

Kwa hiyo kila mashua itabadilishana nafasi saa sita mchana, bila kuombana na bila kujali nani ananasa. Na anayeanza omo siku ya kwanza anaanza tezi siku ya pili. Aliye omo aendeshe kwa namna ambayo mwenzake naye anapata pembe ya kurusha, yaani mashua iende sambamba na ukingo, isiuelekee kwa pua.

Mzee hawezi kusimama muda mrefu kwa sababu ya goti. Tumekubaliana kiti cha kuzunguka kifungwe omo, na mota ya mashua yake iwe ya kushika kwa mkono. Atakuwa na dada yetu ambaye hii ni safari yake ya kwanza ya besi. Niliwauliza wote wawili kando kando. Dada akajibu, "Na Mzee? Ningemwomba mwenyewe." Mashua ya pili, baba na binti yake wa miaka 15. Ya tatu, marafiki wawili waliozoeana. Ya nne, mimi na mwenzetu wa tarehe ya kwanza. Nimependekeza hivyo makusudi. Tulibishana, na sitaki ubishi ule ukae kimya.

Wiki 9

Mmoja wa mashua ya tatu amejitoa, kazi imembana. Nafasi imejazwa siku ileile. Gharama za mafuta na malazi tunagawana sawa kwa kichwa, na aliyejitoa amerudishiwa chake chote kwa kuwa alisema mapema. Baada ya wiki ya 4 haitarudishwa. Wote wameelewa.

Wiki 8

Majaribio ya injini. Nasisitiza zijaribiwe sasa. Asubuhi ya safari hakuna nafasi ya kutengeneza kitu.

Tatu ziliwaka vizuri. Ya nne, ambayo ni yangu, iliwaka vizuri pia, lakini ule mchirizi wa maji unaotoka ubavuni ulikuwa mwembamba kama uzi, unakatika na kurudi. Mchirizi huo ndio unaokuambia kwamba maji ya kupoza injini yanazunguka. Nikazima. Tulifungua sehemu ya chini, tukatoa pampu. Ndani mna kigurudumu cha mpira chenye mapanga. Changu kilitakiwa kiwe na sita. Kilikuwa na manne. Mawili yamekatika shinani, na yaliyobaki yamejikunja upande mmoja na kukakamaa hivyohivyo, kwa sababu injini ilikaa msimu mzima bila kuzungushwa. Mapanga mawili yaliyopotea hayakuwa ndani ya pampu. Ilibidi tuyatafute kwenye njia ya maji mpaka tukayapata yamekwama kwenye bomba la juu, vipande viwili vya mpira mweusi visivyozidi ukucha wa kidole gumba.

Kama tungeweka kigurudumu kipya bila kuvitafuta vipande vile, injini ingechemka siku ya kwanza tukiwa upande wa pili wa ziwa. Tangu leo, kila mashua inabeba kigurudumu cha akiba, plagi za akiba, na kamba ya kuvutwa.

Wiki 7

Vifaa. Kikundi kimejaa mapendekezo ya chambo, na nimeyapunguza, kwa sababu mtu mwenye masanduku matatu ya chambo hutumia nusu ya siku kufungua na kufunga masanduku.

Tutakwenda wakati dume bado yuko na vifaranga au amewaacha karibuni, na jike ameanza kula tena. Samaki watakuwa kwenye ukingo wa nje wa magugu maji, chini ya magati, na pale maji mafupi yanapodondokea kwenye marefu. Alfajiri na machweo wanapanda, chambo cha juu ya maji kinafaa. Jua likipanda wanashuka na kujibana kwenye kivuli. Hapo chambo cha kwenda polepole chini ndicho kinachofanya kazi.

Kwa hiyo kila mtu aje na fimbo mbili, tatu zikizidi sana. Moja iwe na uzi wa kusuka kwa ajili ya magugu, maana haunyumbuki, unakata shina na kumtoa samaki kabla hajajizungushia. Nyingine iwe na florokaboni. Uzi huu unazama na hauonekani sana majini, unafaa kwenye maji maangavu.

Kwa wageni wetu naeleza ufungaji mmoja tu, kwa sababu ukiujua huo unavua mahali popote. Chubwi lenye umbo la risasi ya bunduki linapita kwenye uzi kwanza, gramu 5 mpaka 10. Kisha ndoana yenye shingo iliyopindwa, namba 3/0. Chukua mnyoo wa plastiki wa sentimita 18 hivi, ingiza ncha ya ndoana kichwani mwake kama nusu sentimita, itokeze ubavuni, vuta mpaka shingo ya ndoana ifunikwe, geuza, kisha ifiche ncha tena ndani ya mwili wa mnyoo. Unyooke. Ukijikunja kidogo tu utazunguka majini na kusokota uzi. Ukinyooka unapita katikati ya matawi bila kukwama, na samaki akiubana mdomoni ncha inachomoza. Mnyoo wa plastiki si kitu cha jana. Nick Creme wa Akron, Ohio, aliutengeneza 1949, na umbo lake halijabadilika sana tangu hapo, kwa sababu halikuhitaji kubadilika.

Kuhusu chubwi, naomba tuache ya madini ya risasi kama tunaweza. Ndege wa majini humeza machubwi ya risasi yaliyodondoka na kufa kwa sumu yake. Tangsteni, metali nyingine, ni nzito kuliko risasi, kwa hiyo chubwi la uzito uleule ni dogo zaidi, na mkono unahisi chini vizuri zaidi: changarawe inagonga, tope linanyamaza. Ni ghali zaidi, najua. Machache yanatosha.

Minyoo iliyochanika isitupwe majini. Haiozi. Kila mashua itakuwa na chupa yenye mdomo mpana ya kuikusanyia.

Wiki 6

Vijana wameomba mashindano madogo, na mimi nimekubali kwa masharti. Tutapima urefu, sio uzito. Mizani inataka samaki afungwe kwenye tangi mpaka jioni, kisha apelekwe gatini, atundikwe, apigwe picha. Ubao wa kupimia unataka sekunde kumi: mdomo umefungwa ukigusa kingo, mkia umebanwa, picha moja, majini. Tunajumlisha samaki watatu warefu zaidi wa kila mashua. Nimesema mashua makusudi, sio mtu. Wawili waliomo watasaidiana wavu.

Mtu akiuliza kama tutapata rekodi, jibu ni hili. Rekodi ya dunia ya besi mdomo mkubwa iliwekwa na George Perry katika Montgomery Lake, Georgia, tarehe 2 Juni 1932: ratili 22 na aunsi 4, yaani kilo 10 na kidogo. Ilikaa peke yake miaka 77. Mwaka 2009 Manabu Kurita alivua mwingine katika Ziwa Biwa aliyemzidi yule kwa chini ya aunsi moja. IGFA, chama cha kimataifa kinachotunza rekodi hizi, kinataka samaki wa ukubwa huo azidi kwa aunsi mbili kamili ndipo rekodi ivunjwe, kwa hiyo majina yote mawili yamesimama bega kwa bega. Sisi samaki wa kilo 2 atatosha kutufanya tusahau saa.

Namna ya kumshika naiandika polepole, kwa sababu ndiyo itakayoamua kama kuachia kwetu kuna maana. Mikono ilowe kwanza. Mkono mkavu unamvua ute unaomkinga na magonjwa. Dole gumba ndani ya mdomo wa chini, vidole viwili chini ya taya, na samaki aning'inie wima. Ukitaka kumlaza kwa ajili ya picha, mkono wa pili lazima uwe chini ya tumbo. Kosa ninaloliona mara nyingi ni mtu kumshika taya kwa mkono mmoja na kumwinua mlalo, uzito wote wa mwili ukining'inia kwenye kiungo cha taya. Huyo anaogelea vizuri akiachiwa, lakini taya likiumia hatakula tena sawasawa, na anategemea kufungua mdomo huo kunyonya kila anachokula.

Vijimwiba vya ndoana zenye ncha tatu vibanwe kwa koleo kabla ya safari. Ndoana ikiingia ndani kabisa kooni, kata uzi karibu nayo, usichimbe. Na hewani asizidi pumzi yako mwenyewe: unapomtoa, vuta pumzi na uizuie. Ukihitaji kupumua, na yeye anahitaji.

Tukibahatika na mchana wa joto kali tutaongeza uangalifu. Maji ya nyuzi 20 yanaweza kubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Ya nyuzi 30 yanabeba 7 na nusu tu. Samaki aliyepigana kwenye maji ya moto amechoka zaidi na ana hewa pungufu ya kujirudishia nguvu.

Wiki 5

Usalama, kwa ufupi, kwa sababu hakuna aliyebisha. Jaketi linavaliwa tangu gatini mpaka gatini. Kulikalia si kulivaa. Kamba ya kuzimia injini inafungwa mwilini kwa anayeendesha. Mafuta kwa theluthi: moja ya kwendea, moja ya kurudia, moja ya akiba isiyoguswa. Kwenye tangi la lita 24, ukishatumia 8 unageuza.

Radi: ukiona mwanga, hesabu. Ngurumo ikifika kabla ya sekunde 30, dhoruba iko ndani ya kilomita 10 na tunatoka majini, fimbo zikilazwa chini. Tunasubiri dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Upepo ukipanda, mashua zote zihamie demani, upande uliokingwa, hata kama samaki wako joshini, upande unaopigwa na upepo. Najua mara nyingi wako joshini kweli, kwa sababu upepo unasukuma chakula chao ukingoni. Tutawaacha.

Kila mashua inanipa taarifa saa tatu, saa sita na saa tisa. Simu zikae kwenye mifuko isiyopitisha maji.

Wiki 4

Mashua mbili zitatoka kwenye maji mengine kabla ya kuja. Hili nalisimamia bila kulegeza. Kome pundamilia, chaza wadogo wavamizi, walionekana kwa mara ya kwanza Amerika ya Kaskazini 1988, katika Lake St. Clair, baada ya kusafiri na maji ya kusawazishia meli, na tangu hapo mashua ndogo kwenye matrela zimewabeba kutoka ziwa hadi ziwa. Watoto wao wachanga hawaonekani kwa macho. Tone la maji kwenye tangi la samaki linawatosha.

Kwa hiyo: magugu yote yang'olewe kwenye trela, nanga na mota. Vizibo vyote vifunguliwe, maji yamwagwe nchi kavu, mbali na ziwa. Kisha mashua ikaushwe siku tano au zaidi. Nimeomba picha ya kila mashua ikiwa kavu, na nimezipata zote nne.

Wiki 3

Nimekwenda na mwenza wangu wa mashua kupima maji. Saa kumi na mbili asubuhi, kipimajoto kimefungwa kwenye kijiti chenye urefu wa mkono. Kihori cha kwanza cha kaskazini, kinachopigwa na jua kutwa na kukingwa na upepo: 20 na nusu. Cha pili: 20. Cha mwisho, chenye chemchemi chini: 17. Maji ya wazi: 18.

Kwenye kihori cha mwisho tuliona viota. Tulizima mota tukaacha mashua ielee. Nilihesabu maduara kumi na moja ukingo mmoja tu, na juu ya saba kati yake kulikuwa na kivuli kimesimama. Mwenzangu alikuwa omo. Fimbo yake ilikuwa miguuni na mnyoo umeshafungwa. Dume mmoja alitusogelea, akapanua mapezi, akarudi kiotani. Mwenzangu alimtazama muda mrefu. Kisha akachukua upondo akatusukuma nje taratibu, asivuruge tope. Njiani akasema, "Tarehe ya kwanza ingetuweka katikati ya hawa." Nikajibu ndiyo. Hatukuliongelea tena.

Kwa hali ilivyo, wiki kuu inawezekana kwa vihori viwili vya kwanza. Cha tatu kimechelewa.

Wiki 1

Tumerudi. Kihori cha kwanza 23 na nusu, cha pili 23. Viota vyake vimeachwa, vimeanza kufunikwa na vumbi la majini. Karibu na mizizi tuliona wingu jeusi linatembea, upana wa meza: vifaranga, kila kimoja kifupi kuliko punje ya mchele, mamia kwa mamia, wakigeuka pamoja. Chini yao dume mmoja amekonda, mkia umechakaa kwa kufagia. Kihori cha tatu bado 20, na madume bado wamesimama.

Nimewapigia wote. Tunakwenda wiki kuu. Kihori cha tatu kimefungwa kwetu kwa siku zote tatu, na anayeona wingu la vifaranga popote pengine aondoe mashua umbali wa mirusho miwili. Wanane wamekubali. Binti wa miaka 15 ameuliza kama anaweza kwenda kuwaona vifaranga bila fimbo. Siku ya pili alasiri nitampeleka mwenyewe na baba yake, kwa upondo.

Usiku wa kuamkia safari

Majaketi nane, nimeyahesabu mara mbili, na la tisa la akiba. Vigurudumu vya pampu vinne. Chupa nne za minyoo iliyochanika. Mbao za kupimia nne. Koleo, nyavu za mkono, taa, sanduku la huduma ya kwanza lenye kikatio cha ndoana. Leseni nane, zote nimeziona kwa macho.

Kiti cha Mzee kimefungwa omo, nimekikalia na kukizungusha pande zote. Kesho dada ataanza tezi naye, na saa sita watabadilishana. Mimi naanza tezi.

Tunashusha mashua saa kumi na moja na nusu.